Ukiendesha Ufaransa, saa sita mchana egesha gari

Wageni wanaotutembelea hapa Cologne, Ujerumani, wakisikia tunapenda kushuka kusini kwa gari, huuliza ni programu gani ya simu inayoonyesha migahawa mizuri. Programu zipo, na nyota zake zipo, lakini kwenye miji midogo ya Ufaransa mimi naangalia kwanza saa. Jiko hufunguliwa saa sita mchana, na ikikaribia saa nane mpishi anavua aproni. Ukiingia saa nane na robo na njaa yako, utaambiwa kwa adabu kwamba wamefunga, na hakuna kubembeleza. Kinachobaki ni mkate wa baridi wa kituo cha mafuta, kisha mtu anarudi nyumbani akisimulia kwamba chakula cha Ulaya hakina ladha.

Kwa hiyo siku yetu huanzia kwenye mlo wa mchana, na kilomita ndizo zinazoufuata. Kwenye saa tano na nusu tunatoka kwenye barabara ya kulipia. Rangi za vibao zinasaidia: bluu ni barabara ya kasi, kijani inakupeleka miji mikubwa kwa njia ya kawaida, nyeupe ni ya vijiji na miji ya jirani. Fuata nyeupe. (Italia rangi zinageuka: kijani ndiyo ya kasi, bluu ndiyo ya kawaida.) Ujue tu kwamba barabara hizi za njia mbili mara nyingi zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na kila kijiji kinakushusha hadi 50. Anayetaka kutoka Lyon hadi Bordeaux kwa siku moja na bado ale vizuri, achague moja.

Ukifika mjini, tafuta ubao ulioandikwa kwa chaki, “plat du jour” au “menu du jour”, yaani chakula cha siku hiyo. Ubao ukiwa mfupi, vyakula viwili vitatu tu, ingia: vimepikwa asubuhi hiyo. Menyu ya kurasa nane yenye picha na lugha tano, pita. Na aliyewahi kusafiri Dar kwenda Mbeya hahitaji kufundishwa kwamba malori yalipoegeshwa ndipo penye sahani iliyojaa. Ufaransa jambo hilo lina hata alama yake, duara la rangi nyekundu na bluu lenye maneno “Les Routiers”, la tangu mwaka 1934. Humo unajihudumia saladi za mwanzo, unaletewa chakula chenyewe, kisha jibini au kitindamlo, na bei mara nyingi haifiki euro 20. Bei hiyo ni ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Meza ileile usiku inaweza kukugharimu maradufu.

Kabla ya kuuliza lolote, sema “bonjour”. Sisi tuliolelewa na shikamoo hatupaswi kushindwa hapo, ila nimeona Waswahili wenzangu wakiingia na kuuliza bei moja kwa moja, kisha wakashangaa kuhudumiwa kwa uso mkavu. Maji omba “carafe d'eau”. Ni ya bomba, ni salama, na hayalipiwi. Mkate nao haulipiwi.

Kwa asiyekula nguruwe, hatari haiko kwenye nyama kubwa inayoonekana. Iko kwenye vipande vidogo viitwavyo “lardons”, vinavyorushwa kwenye saladi, dengu na mayai, mahali ambapo hukutarajia nyama kabisa. Sema “sans porc”, bila nguruwe, wakati wa kuagiza. Mchuzi wenye divai ni swali jingine, nalo uliulize pia. Mimi nikiona shaka nachukua samaki, au natafuta mgahawa wa kuskusi, chakula cha Afrika Kaskazini, ambao hukosi kwenye mji wowote wenye ukubwa kiasi.

Malazi sasa. Hoteli za milango ya barabara kuu zinafaa usiku wa dharura. Kwa usiku wa kawaida natafuta “chambre d'hôtes”, chumba kwenye nyumba ya mtu anayeishi hapohapo. Sheria haimruhusu mwenye nyumba kuzidisha vyumba vitano, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Faida kubwa ni “table d'hôtes”: chakula cha jioni kimoja, kisicho na cha kuchagua, mnaketi meza moja na wenyeji na wageni wengine. Lazima uagize mapema, angalau asubuhi ya siku hiyo, na useme hapohapo usichokula. Beba pesa taslimu, wengi hawana mashine ya kadi. Mwezi wa saba na wa nane usitegemee bahati. Na unayekuja kwa viza ya Schengen utadaiwa uthibitisho wa malazi hata kabla ya kupanda ndege, basi chagua nyumba zinazokubali kubadili tarehe.

Meza hiyo ya jioni inakuokoa hasa Jumapili. Jumapili usiku na Jumatatu nzima nusu ya migahawa ya vijijini imefungwa, na mji mzima unaonekana umehama. Tunachofanya sisi ni kulala Jumapili pale tulipoagiza chakula, kisha Jumatatu kwenda mji wenye soko. Louhans, kaskazini mwa Lyon, soko lake ni Jumatatu asubuhi, na hiyo ndiyo siku migahawa ya pale inapojaa. Hapo ni Bresse, nchi ya kuku mwenye manyoya meupe, kishungi chekundu na miguu ya bluu, ambaye jina lake linalindwa kwa sheria ya mwaka 1957. Agiza wa mchuzi wa krimu. Bei yake si rahisi na nyama ni ngumu kidogo, lakini ina ladha ya ndege aliyetembea, na mume wangu ambaye hulalamikia kuku wote wa Ulaya alinyamaza.

Ukivuka kuingia Hispania, sogeza njaa yako mbele: mchana unaanza saa saba na nusu au saa nane, usiku si kabla ya saa tatu. Omba “menú del día”, sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo kwa bei moja. Italia lala “agriturismo”, shambani, ule kinachotoka hapo. Ile “coperto” kwenye bili ni ada ya meza, si wizi. Lakini usiingize gari katikati ya miji ya kale yenye kibao cha “ZTL”, yaani eneo ambalo si kila gari linaruhusiwa. Kamera inapiga picha, na faini inakufuata hadi kwa kampuni ya kukodisha gari, nayo itaongeza ada yake. Florence acha gari kwenye maegesho ya pembezoni, ingia na tramu.