"F1" kwenye pakiti si kinga ya mnyauko

Ndugu mkulima, unauliza kwa nini nyanya zimenyauka ilhali pakiti iliandikwa F1. Hapo wengi tumenasa: F1 ni chotara wa kizazi cha kwanza, haisemi lolote kuhusu ugonjwa. Tafuta Fol, alama ya pakiti inayoonyesha ukinzani dhidi ya mnyauko fuzari. Kuvu anayeleta mnyauko huo ana aina tatu, na pakiti nyingi huzihesabu 0, 1, 2. Hivyo mbegu yenye Fol:0,1 haizuii ile ya tatu, yaani 2. Badiliko dogo la jeni limemfanya kuvu wa aina hiyo asitambuliwe na kinga ya mmea.

Ila kwanza kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji. Likitiririsha uzi mweupe kama maziwa, ni bakteria. Ukiona michirizi ya kahawia tu ndani, shuku fuzari, na usirudishe nyanya hapo miaka kadhaa. Panda mahindi.