Aliyesoma HGL anaweza kuwa mwandishi wa programu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilimaliza kidato cha sita katika mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na sasa namsaidia mjomba katika duka lake la pembejeo hapa Kibaigwa. Nina kompyuta mpakato ya zamani. Je, naweza kujifunza kuandika programu na kuajiriwa? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza, ingawa ni kazi ya miaka, si ya majuma. Anza na lugha moja tu ya kuandikia programu. Ningekushauri Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kwa kuwa hailipiwi, amri zake husomeka kwa urahisi, na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Hesabu za mwanzoni ni za kawaida. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho.

Usiishie kwenye mazoezi ya vitabuni. Tunga programu ya duka la mjomba, itakayotunza idadi ya mifuko ya mbegu na mbolea, ipunguze kila inapouzwa, na itoe tahadhari bidhaa inapokaribia kwisha. Hapo utakutana na maswali ya kweli: mteja akirudisha mfuko, je? Umeme ukikatika katikati ya mauzo? Kisha jifunze Git, zana inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko unalofanya kwenye programu, ili mwajiri aone jinsi kazi yako ilivyokua.

Ajira za serikalini kwa kawaida hudai cheti, hivyo soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla ya kuomba Chuo Kikuu cha Dodoma. Kozi za kulipia zisubiri kwanza; programu ya duka itangulie.