Ndegevita ya Rimoti Nairobi: Tazama Bawa na Miguu Kabla ya Sura

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu ndegevita za rimoti, yaani modeli ndogo za ndege za kijeshi, huanza na jina. Spitfire. Mustang. Wameona picha, wameipenda pua ndefu na rangi za vita, na kilichobaki kwao ni bei. Nawaelewa, maana ndege za Vita vya Pili vya Dunia ni nzuri hasa. Lakini kwa mtu atakayerushia Nairobi jibu langu halibadiliki: kabla ya jina, uliza bawa lina ukubwa gani kwa uzito linaoubeba, kisha uliza miguu imekaa wapi. Ukipata majibu ya hayo mawili, jina litajichagua.

Sababu ya kwanza ni hewa yetu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 15. Bawa hubebwa na hewa. Hewa ikiwa haba, lazima ndege ikimbie zaidi ili ibaki juu. Ukipiga hesabu, mwendo wa chini kabisa ambao ndege inaweza kwenda bila kudondoka hupanda kwa asilimia 8 au 9. Si nyingi, utasema. Lakini nishati ya kutua hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo magurudumu na mabawa yanapokea asilimia 18 zaidi kila unapogusa ardhi. Zile video za watu wakituliza Mustang taratibu kwenye nyasi zilizonyolewa, nyingi zimepigwa karibu na usawa wa bahari. Ndege ileile, na rubani yuleyule, wakija huku watatua kwa kasi zaidi. Jua la saa nane mchana hulifanya jambo kuwa gumu zaidi, kwa sababu hewa ya moto hupungua uzito tena.

Ndiyo maana nakuhimiza upige hesabu ya mzigo wa bawa kabla hujatoa pesa. Chukua uzito wa ndege ikiwa na betri, kwa gramu, ugawanye kwa eneo la bawa kwa desimita za mraba. Ndege ya gramu 1,300 yenye bawa la desimita za mraba 22 inapata gramu 59 hivi kwa kila desimita. Uzito huohuo kwenye bawa la desimita 15 unapata karibu gramu 87. Kwa hapa kwetu, ningemshauri anayenunua ndegevita yake ya kwanza abaki chini ya 60. Ikivuka 80, mwachie mwenye mikono iliyozoea. Wauzaji wengine hawaandiki eneo la bawa. Waulize, na wakishindwa kujibu, tafuta kwingine. Upana wa bawa wa mita 1.2 hadi 1.5 unafaa: ndege ndogo kuliko hapo hurushwa ovyo na upepo na huonekana kwa shida ikiwa mbali, na kubwa kuliko hapo haiingii kwenye gari dogo, sembuse matatu.

Sababu ya pili ni ardhi. Wengi wetu huenda kurushia nyanda za upande wa Kitengela na Kajiado, na kule kuna udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunata, ukikauka hupasuka nyufa za kumeza gurudumu zima. Nyasi hazikatwi na mtu ila ng'ombe. Kwa uwanja kama huo, ndege yenye miguu iliyokaribiana hupinduka. Spitfire ni mfano: miguu yake hukunjwa kuelekea nje, kwa hiyo ikishushwa huwa karibu karibu, na pua ni nzito. Bf 109 ya Ujerumani ina tabia hiyohiyo. Nazipenda zote mbili, ila si za kuanzia kwenye ardhi ya Kajiado.

Basi uanze na ipi? Ukiwa umeshamaliza shule kwenye ndege ya mafunzo yenye bawa juu (na hilo halina mkato, ndegevita si ndege ya kujifunzia kuruka), chukua T-28 Trojan. Ilikuwa ndege ya mafunzo ya kijeshi ya Marekani. Ina gurudumu la pua, kwa hiyo inakimbia moja kwa moja wakati wa kuondoka, miguu yake imeachana vizuri na bawa lake ni la ukarimu. Ukiweza kuipata yenye miguu isiyokunjwa, ni bora zaidi. Injini ndogo za kukunja miguu ndizo huharibika kwanza kwenye uwanja mbovu.

Ukitaka ndege yenye uhusiano na kwetu, iko Chipmunk. Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa tarehe 1 Juni 1964, marubani wake wa mwanzo walifunzwa kwa ndege hiyo ya mafunzo kule Eastleigh, Nairobi. Miguu haikunjwi, ndege ni nyepesi, na inaruka kwa upole. Sijui kwa nini watu hawaipaki zaidi rangi za Kenya. Bendera ile ingependeza mno kwenye mkia.

Baada ya hapo, Hurricane, ndegevita ya Uingereza. Wengi huipita wakikimbilia Spitfire, na mimi naona wanakosea. Miguu yake hukunjwa kuelekea ndani, hivyo ikishushwa imeachana sana. Bawa lake ni nene na linasamehe. Na iliwahi kuwa hapa: mwaka 1940 na 1941, Hurricane za jeshi la anga la Afrika Kusini ziliruka kutoka Kenya kupigana na Waitaliano waliokuwa Ethiopia na Somalia. Ukiipaka rangi za kikosi hicho, unarusha historia ya anga hii hii.

Harvard nayo, ndege ya mafunzo ya kijeshi, inahitaji maneno yake. Kama modeli, ina bawa linalochongoka kuelekea ncha, na ukipunguza mwendo kwenye kona ncha moja huacha kubeba ghafla, ndege ikajilaza upande na kuingia chini. Kama historia, ni nzito zaidi. Kuanzia mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, Harvard za jeshi la anga la Uingereza ziliangusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na baadaye ndege kubwa za mabomu za Lincoln zikatumwa kutoka Eastleigh kufanya kazi hiyohiyo. Simkatazi mtu kuirusha. Namwomba tu ajue anachopaka rangi. Bado wapo wazee ambao utoto wao ulipita chini ya sauti ile. Mzee akikujia uwanjani na kuuliza ni ndege gani hiyo, mpe shikamoo, mwambie ukweli, halafu msikilize.

Kuhusu kununua sitakawia. Chukua ya umeme: mafuta ya injini ndogo ni taabu kuyapata, na injini hizo hupoteza nguvu kwa hewa haba, ilhali mota ya umeme haipumui. Rimoti iwe ya masafa ya 2.4 GHz, zile za zamani za antena ndefu waachie wenyewe hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kwenye bajeti ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, ambayo hupigwa juu ya jumla ya vyote hivyo. Betri za LiPo (za lithiamu, za kuchajiwa) ndizo kikwazo kikubwa, kwa sababu betri za lithiamu zilizofungwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu 2016. Kama una ndugu anayekuja, azibebe kwenye begi la mkononi, ncha zikiwa zimefungwa tepu. Betri ya seli nne ya 3300 mAh ina saa-wati 49 hivi, na kikomo cha kawaida kwa abiria bila kuomba kibali ni 100. Viunganishi, waya na risasi ya kuchomea utavipata barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi.

Na kabla hujaagiza chochote, nenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Vyombo vinavyoruka bila rubani vina kanuni zake tangu 2020, na ni vyema ujue ndege ya uzito wako inahitaji nini mapema kuliko mzigo ukiwa umezuiliwa forodhani. Angalia ramani pia: viwanja vya ndege vya JKIA na Wilson na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh zimeuzunguka mji, na mbuga ya wanyama imekaa pale kusini. Ndani ya Nairobi karibu hakuna pa kurushia kihalali, hivyo zoea safari. Huko uendako, ardhi ina mwenyewe. Mtafute, salimia, omba.

Sasa maandalizi, na hapa nataka uwe na subira kuliko mahali pengine popote.

Anza na kitovu cha uzito. Kitabu cha ndege kitakuambia ni milimita ngapi nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Pima, bandika vipande viwili vya tepu, weka betri mahali pake, kisha inyanyue ndege kwa ncha za vidole kwenye alama hizo. Ndegevita nyingi zina bawa chini, kwa hiyo ni rahisi kuipima ikiwa chali. Pua ielekee chini kidogo sana. Ndege yenye pua nzito huruka kwa uvivu. Yenye mkia mzito hairuki mara ya pili. Hurricane ina pua fupi, hivyo betri husukumwa mbele kabisa na mara nyingine risasi kidogo huongezwa. Kwa Corsair na P-40, ndegevita za Marekani ambazo miguu yake hukunjwa kuelekea nyuma, pima miguu ikiwa imeshushwa na ikiwa imekunjwa, kwa sababu kitovu huhama.

Halafu mielekeo. Simama nyuma ya mkia. Kijiti kulia: eleroni (kibao kinachopinda nyuma ya bawa) ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Vuta kijiti kwako: eleveta (kibao kinachopinda cha mkia) ipande. Ndege nyingi mpya hufa ndani ya sekunde za kwanza kwa sababu eleroni zimegeuzwa, na jicho likiwa na haraka halioni. Mwite mwenzako arudie kukagua. Kama kuna jairo, kifaa kinachoisawazisha ndege chenyewe, ikague peke yake: inamishe bawa la kushoto kwa mkono, eleroni ya kushoto lazima ishuke kulinyanyua. Ikifanya kinyume, jairo itaiangusha ndege hata rimoti ikiwa sahihi.

Kwa ruko la kwanza tumia mwendo mdogo wa servo (mota ndogo zinazosogeza eleroni na eleveta) unaotajwa kitabuni, na expo, mpangilio wa rimoti unaopunguza ukali wa kijiti karibu na katikati, ya asilimia 30 hivi. Propela nayo: kwa kuwa hewa yetu haiikabi, mota hula umeme kidogo kuliko ilivyopangiwa, na mara nyingi unaweza kupanda inchi moja. Pima kwanza kwa mita ya wati, ampea zisivuke kikomo cha kidhibiti cha mota, na uhakikishe propela haitachimba ardhi.

Rusha asubuhi, kati ya saa 12:30 na saa tatu, kabla upepo haujaamka na kabla mwewe hawajapanda na hewa ya joto. Elekea upepo, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili libebe zaidi) nusu kama zipo. Ongeza nguvu polepole ukihesabu moyoni. Ukiifungua ghafla, mzunguko wa propela utaivuta ndege kushoto, kwa hiyo kidole kiwe tayari na usukani wa mkia kulia. Kwa yenye gurudumu la mkia, shika eleveta juu kidogo mwanzoni ili isipige pua, uilegeze inaposhika mwendo. Ikishaondoka usiivute juu. Iache ikusanye mwendo.

Ukiwa juu sana, jaribu vitu viwili: shusha flapu uone pua inaenda wapi, kisha punguza nguvu pole pole ukiwa umenyooka mpaka ujue inaanza kulegea kwa mwendo gani. Mwendo huo ukae kichwani. Unapokuja kutua, kona ya mwisho ipigwe kwa kasi ya kutosha, na nguvu kidogo ibaki mpaka magurudumu yaguse. Kuzima mota mapema ili itue polepole ndiko kunakovunja ndegevita nyingi huku kwetu.

Weka kengele ya rimoti dakika nne kwa ruko la kwanza. Ukishatua, acha betri ipoe na upime kila seli: ikisoma volti 3.8, unaweza kuongeza nusu dakika safari ijayo. Ikiwa chini ya 3.7, punguza. Ya kurudi nayo nyumbani iwekwe kwenye 3.8, isikae imejaa 4.2 mpaka Jumamosi nyingine.