Kaunta inachapisha namba lakini haijibu amri kutoka kwenye kompyuta

Ndugu, umeeleza kwamba kaunta yako (kifaa cha kielektroniki cha kuhesabu) imeunganishwa na kompyuta kwa RS-232, yaani kiunganishi kinachotuma data biti moja baada ya nyingine, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kwamba ukibonyeza kitufe cha kuchapisha kwenye kaunta yenyewe namba hufika zikiwa zimechanganyika na alama za ajabu, na kwamba ukituma amri ya kusoma hesabu unapata kimya. Nimewahi kukutana na hali hiyohiyo, na ninashuku kuwa mambo hayo mawili yana chanzo kimoja.

Anza na zile alama za ajabu, kwa sababu ndizo zenye ushahidi. Usizisome kama herufi; iweke programu yako ya terminali (ile ya kutuma na kuona data ya poti) katika heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, uzione baiti zenyewe. Kaunta iliyonisumbua mimi ilionyesha 1250 kwenye skrini yake, huku kompyuta ikipokea B1 B2 35 30. Tarakimu 5 na 0 zilikuwa zimefika salama, lakini 1 na 2, ambazo zilipaswa kuwa 31 na 32, kila moja ilikuwa imeongezewa 80 ya heksadesimali. Nilidhani ni kelele ya umeme kutoka kwenye mota iliyokuwa karibu, nikapoteza siku mbili nikibadilisha kebo na kutafuta nyingine yenye kinga ya wavu, hadi nilipogundua kwamba tarakimu zinazoharibika ni zilezile kila mara. Kelele haichagui tarakimu.

Kaunta ilikuwa imepangwa biti 7 za data na pariti shufwa, yaani biti ya ukaguzi inayoongezwa ili idadi ya biti zenye moja igawanyike kwa mbili, ilhali kompyuta ilikuwa biti 8 bila pariti. Kwa kuwa fremu zote mbili (kifurushi cha biti kinachobeba herufi moja) zina biti 10, ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, hakuna kinachopotea njiani. Ila biti ya pariti husomwa kana kwamba ni biti ya nane ya data. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zina idadi shufwa ya biti zenye thamani ya moja, kwa hiyo hupita zilivyo, na 1, 2, 4, 7 na 8 huharibika. Linganisha na unachokiona kwako, na kama mpangilio ni huu, umeshapata jibu la kwanza.

Sasa tazama upande wa pili. Amri nyingi za maandishi hufungwa kwa baiti 0D (ile ya kitufe cha Enter), na baiti hiyo ina biti tatu zenye moja. Ukiituma bila pariti, kaunta inayotarajia shufwa huihesabu kuwa na kosa na kuitupa, kisha hukaa ikisubiri mwisho wa amri ambao kwake haujafika. Ndiyo maana haikujibu, na haitakujibu hata ukirudia amri mara mia. Panga pande zote mbili kwa biti 7, pariti shufwa na biti 1 ya kumalizia, ujaribu tena.

Kimya kikiendelea, hakikisha kwamba 0D inatoka kweli. Ndani ya nukuu za kawaida za lugha ya programu ya Python, \r hugeuzwa kuwa baiti hiyo moja. Lakini ukiyachapa maandishi hayohayo katika kisanduku cha terminali, programu nyingi hutuma baiti mbili, 5C na 72, ambazo kwa kaunta hazina maana yoyote. Kumbuka pia kwamba kitufe cha kuchapisha kinathibitisha waya wa kutoka kwenye kaunta tu. Chomoa kebo upande wa kaunta, uunganishe pamoja nyaya za kutuma na kupokea, kisha chapa herufi: zikikurudia, kebo, adapta na poti ni nzima, na kinachobaki ni mpangilio au pini za upande wa kaunta.

Katika programu yako, usitume amri ya pili kabla ya jibu la kwanza kukamilika. Kwa kasi ya 9600 kila herufi huchukua takribani milisekunde moja, lakini kaunta nayo inahitaji muda wa kufikiri. Kwa hiyo soma hadi uikute baiti ya kumalizia, ukiwa na kikomo cha muda endapo haitafika.

Kama kitabu cha kaunta kinataja Modbus RTU, ambayo ni kanuni ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani inayotumia baiti badala ya maandishi, sahau habari ya 0D kabisa, kwa sababu humo mwisho wa ujumbe ni ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu, na data ni biti 8. Kusoma rejista (visanduku vya kumbukumbu) mbili za kwanza za kaunta yenye anwani 1 ni 01 03 00 00 00 02 C4 0B, bila kuongeza kitu. Ukija kuhamia RS-485, aina nyingine ya kiunganishi inayotumia nyaya mbili ziitwazo A na B, ujue kwamba watengenezaji hawakubaliani waya upi ni A na upi ni B, kwa hiyo kuzibadilishana nafasi nyaya hizo ni jaribio halali.

Jambo moja la tahadhari: fanya majaribio haya yote kwa amri ya kusoma, na uandike pembeni hesabu iliyopo kwenye kaunta kabla hujaanza. Amri ya kurudisha sifuri mara nyingi hutofautiana na ya kusoma kwa herufi moja tu, na kaunta haikuulizi mara mbili.