Kisima kimezinduliwa, umeme wa LUKU ananunua nani?

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama matembezi ya hisani ya kuchangia maji safi yanamsaidia mwenye shida au yanaishia kwenye picha. Mimi ni fundi wa pampu za visima. Kazi zangu nyingi ziko hapa Dar es Salaam, Kivule, Chanika, Mbagala na Gongo la Mboto, na baadhi ya visima ninavyoitwa kutengeneza vilichimbwa kwa fedha za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi nasema hela inafika. Sijawahi kuitwa kwenye kisima hewa (nacho kisima hewa hakihitaji fundi). Ninachoitiwa ni kisima cha kweli, kilichozinduliwa kwa vigelegele, na leo hakitoi hata tone.

Wachangiaji wengi wakisikia kisima wanafikiria shimo na bomba. Kisima kirefu cha hapa mjini kina pampu iliyozamishwa chini, inasukuma maji hadi kwenye simtanki lililo juu ya mnara, na inakula umeme kila inapozunguka. Mota yake inapozwa na yale maji yanayoizunguka. Maji yakishuka ikabaki inazunguka kavu, inaungua. Umeme ukija mdogo, inaungua. Mchanga ukiingia, haiungui siku hiyo, ila mapangaboi yanayosukuma maji yanalika polepole mpaka maji yanapanda kwa kusuasua. Hakuna kati ya hayo linalotokea siku ya uzinduzi.

Shule moja ya msingi ya serikali, sitaitaja, walinipigia simu maji yalipokata. Nimefika, kibao cha marumaru ukutani kinang'aa, majina ya waliochangia yanasomeka yote. Tukaanza kuvuta pampu mimi na vijana wangu, bomba la roli linatoka shimoni kidogo kidogo, watoto wa darasa la pili wamejipanga wanashangaa kama wanaona nyoka. Mota ilipofika juu, harufu ya waya ulioungua ilinipa jibu kabla sijashika kipimo. Nikamuuliza mwalimu mkuu kama kuna fungu la matengenezo. Akacheka. "Fundi, hata hiyo LUKU ya pampu huwa tunachangishana humu ofisini."

Sikumlaumu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule hizi haziwatozi wazazi michango kama zamani. Zinategemea ruzuku, na ruzuku hiyo inasubiriwa na karatasi za mitihani, chaki na ukarabati wa vyoo. Kisima kikaja na bili yake, na hakuna aliyeiandika mahali. Watu walitembea asubuhi moja wakaondoka na fulana, mwalimu akabaki na gharama ya kila mwezi. Pampu ilipokufa, watoto wakarudia kuja na vidumu vya maji kutoka nyumbani, maana usafi wa vyoo hausubiri mfadhili.

Kwa hiyo mimi ningewashauri waandaaji wasitumie yote kwenye kuchimba. Watenge fungu la umeme na matengenezo, lisiguswe kwa jambo lingine, na wafunge kifaa cha kuzima pampu maji yanaposhuka. Kifaa hicho hakivutii kwenye picha, kinakaa ndani ya kiboksi ukutani, lakini kingeiokoa mota ile ya shule. Halafu wamtafute mtu mmoja wa pale pale, mlinzi au mwalimu, afundishwe kusoma dalili: pampu inawaka muda mrefu kuliko kawaida, maji yana rangi, mlio umebadilika. Akipiga simu siku ya kwanza, kazi yangu inakuwa ndogo na ya bei nafuu.

Na kuna swali la kuuliza hata kabla ya kuchimba, japo linanipunguzia riziki: bomba kuu la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, liko umbali gani? Dar ya sasa si ya miaka ishirini iliyopita. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ilipanuliwa, mabomba yamesogea mitaa mingi. Pale ambapo bomba limepita barabara ya jirani, fedha za matembezi zingevuta maji shuleni au zahanati na kufunga dira ya kupimia maji, mkaachana na pampu kabisa. Kisima karibu na pwani mnaweza kukipiga mkapata maji ya chumvi, na ukikivuta kupita kiasi chumvi inaongezeka. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi inabaki palepale kwenye sufuria. Na kisima kifupi katikati ya nyumba zenye vyoo vya shimo mimi sikitaki kabisa. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa Dar, Kinondoni, nadhani wengi wetu tunakumbuka.

Mtu ataniuliza, mbona mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame tukawekewa mgawo wa maji, wenye visima ndio waliopona? Ni kweli. Hata visima vya Kigamboni viliharakishwa kuingizwa kwenye mtandao wakati ule. Ndiyo maana sisemi visima viachwe. Nasema achimbe anayejua maji yaliyoko chini, kisima kiwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, maji yapimwe maabara kabla mgeni rasmi hajakata utepe, na ijulikane nani atanunua umeme.

Kuhusu matembezi yenyewe sina ugomvi nayo. Watu wakitembea pamoja Jumamosi asubuhi kuanzia Coco Beach kuvuka Daraja la Tanzanite, wanafurahi, wanatoa, na wengine wasingetoa kwa kutumiwa ujumbe wa simu peke yake. Naona tu ajabu kidogo, matembezi ya maji yanaacha chupa tupu za plastiki njia nzima. Na kama mnataka watu waelewe, mpeni kila mmoja dumu la lita 20 lililojaa kwa kipande cha mwisho. Ni kilo ishirini, na kuna binti wa Chanika anayezibeba kabla ya kwenda shule.

Fundi mwenzangu kaniomba tujiandikishe kwenye matembezi yanayokuja, nimeshalipa kwa simu. Nimewaandikia waandaaji kuuliza fungu la matengenezo ni shilingi ngapi. Walichonijibu mpaka sasa ni saizi ya fulana.