Setilaiti inapimaje ardhi iliyopanda sentimita chache?

Mkuu, umeuliza setilaiti iliyo juu karibu kilomita 700 inajuaje kwamba ardhi imepanda sentimita chache, na kama mtu anaweza kuupima mlima wa volkano wa Longonot akiwa na kompyuta yake ya nyumbani. Anaweza. Nimechakata sana data za Bonde la Ufa, kwa hiyo nitakaa zaidi pale wengi wanapokwama.

Kwanza sahau kamera. Rada inarusha mawimbi yake yenyewe, usiku na mawingu haviizuii. Tunachofuata ni awamu: wimbi limerudi likiwa sehemu gani ya mzunguko wake. Wimbi la Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, lina urefu wa sentimita 5.6 hivi. Ardhi ikiisogelea setilaiti kwa sentimita 2.8 tu, safari ya kwenda na kurudi imepungua wimbi zima. Ukilinganisha picha ya kabla na ya baada, badiliko hilo hutokea kama utepe mmoja wa rangi, nawe unahesabu tepe. Kwa njia hii watafiti waligundua kwamba Longonot ilipanda takriban sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na volkano ya Paka kule Baringo takriban sentimita 21 ndani ya miezi tisa tu, 2006 hadi 2007. Milima ambayo wengi tuliihesabu imelala!

Sasa kazi yenyewe. Mvuke wa maji angani huchelewesha wimbi, na juu ya mlima unaweza kukuchorea uvimbe safi ambao haupo. Usishangilie picha moja. Tengeneza jozi ya picha za Januari na Machi, ya Machi na Mei, kisha Januari na Mei. Kama Machi ndiyo iliyokuwa na mvuke, jozi ya kwanza itaonyesha mlima umeshuka, ya pili umepanda, na ya tatu haitaonyesha kitu. Mlima uliopanda kweli haufutiki hivyo.

Msitu nao unasumbua. Aberdare majani hubadilika kila mara na awamu inavurugika, ndiyo maana ningeanza na Paka, kukavu na miamba iko wazi.

Data ni za bure, na programu ya kuzichakata, SNAP, pia. Kata eneo dogo kuzunguka kreta, kompyuta isielemewe. Hakikisha picha zote ni za njia ileile ya obiti, la sivyo hazilinganishiki. Ukikwama kwenye kukunjua awamu, yaani kuunganisha tepe ziwe kipimo kimoja cha jumla, tupia picha hapa tuitazame.