Toa hiyo -p kwenye su kabla hujafuta data za watu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kwa nini ukiandika `su mfumo` (amri ya Linux ya kuhamia akaunti nyingine, hapa inaitwa mfumo) JAVA_HOME, kigezo kinachosema Java iko wapi, inakuja tupu. Jamaa hapo juu anakushauri "weka -p ibebe kila kitu", yaani vigezo vyote vya akaunti unayotoka. Kubeba kila kitu ndiyo balaa lenyewe! Na -p inabakiza hata HOME yako ya zamani, yaani folda ya nyumbani ya akaunti uliyotoka.

Nilikuwa nahudumia seva ya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti huku Dodoma. Akaunti yangu ilikuwa na DATABASE_URL (kigezo kinachoiambia programu itumie databesi ipi) ya databesi halisi, yenye kumbukumbu za uzito wa mizigo ya wakulima. Akaunti ya majaribio ilikuwa na yake, imeandikwa kwenye ~/.profile, faili linalosomwa ukiingia kikamilifu kwenye akaunti. Aliyenikabidhi seva, bwana mwenye vyeti ukuta mzima, akaniambia `su majaribio` inatosha, kistari (ile - ya `su - majaribio`) ni mapambo. Mapambo! Bila kistari, bash (programu inayopokea amri zako) inasoma ~/.bashrc tu, ~/.profile haiigusi, na vigezo ulivyotoka navyo vinabaki. `whoami` inakujibu "majaribio" bila aibu, kumbe DATABASE_URL bado ni ile ile. Nikaendesha skripti ya kusafisha data za majaribio. Ikasafisha kweli, haikuwa na uvivu.

Habari nikaipata kwa mhasibu: mama mmoja kasimama dirishani na stakabadhi ya magunia yake, kwenye mfumo hayumo. Bekapu? Ilikuwepo, ya kabla ya msimu. Tukakaa kuingiza stakabadhi moja moja, nyingine zimelowa mafuta hadi hujui hiyo ni 3 au 8. Msinicheke, kipara kilianza kabla ya hapo. Bwana vyeti hapokei simu mpaka leo.

Andika `su - mfumo`, kistari na nafasi pande zote mbili, au `sudo -iu mfumo`. Hapo ~/.profile inasomwa, na JAVA_HOME utaiona kama imeandikwa humo. Ila kukiwa na ~/.bash_profile, bash inaishia hapo, ~/.profile haifikiwi. Halafu kabla hujagusa kitu piga `env | sort`, ikuorodheshee vigezo vyote, usome kwa macho yako, siyo kupitisha tu. Ukikuta databesi usiyoitegemea, `exit`, usijaribu kurekebisha ukiwa humo humo.